Ufupi si ugonjwa, kusimama kukua ndiyo hatari: kazi ya homoni katika mwili wa mtoto

Siku ya kilo, kwenye vituo vya afya vya Bunia, kuanzia Mudzipela mpaka Nyakasanza, wamama wanapanga mstari, fishi mkononi. Mtoto anawekwa kwenye mzani, muuguzi anaandika, mama anarudi nyumbani. Lakini kuna swali ambalo wazazi wengi wanalibeba moyoni bila kuliuliza: «Mutoto wangu iko na miaka saba, na mudogo wake wa miaka tano anamupita urefu. Shida ni nini?»

Mtaani, jibu linakuja haraka. Wengine watasema mtoto amerogwa. Wengine watasema baba yake ni mfupi, basi acha tu. Wengine watamnunulia dawa ya kuongeza hamu ya kula. Na kuna familia ambamo mtoto mwenyewe anaanza kuitwa mchawi, eti anakataa kukua. Wakati huo miezi inapita. Na kwa mtoto ambaye mwili wake umekosa ujumbe wa kukua, miezi ikishapita hairudi.

Basi ni nini kinachomfanya mtoto akue? Na mzazi atajuaje kama ufupi wa mtoto wake ni wa kawaida au ni alama ya ugonjwa?

Homoni ni ujumbe

Homoni ni kitu kidogo sana ambacho kiungo kimoja cha mwili kinatengeneza na kukitia ndani ya damu ili kiende kuamuru kiungo kingine. Inafanya kazi kama redio. Mawimbi yanapita juu ya nyumba zote za mtaa, lakini anayesikia habari ni yule mwenye chombo kilichowekwa kwenye masafa yale. Homoni nayo inazunguka mwili mzima, lakini inatii tu kiungo chenye cha kuipokea. Kwa hiyo shida inaweza kutokea pande mbili: ujumbe haukutumwa, au umetumwa lakini haukupokelewa.

Kituo kikubwa cha ujumbe wa kukua kiko chini ya ubongo. Ni tezi ndogo kama haragi, inaitwa hipofizi. Inatoa homoni ya kukua, zaidi usiku, mtoto akiwa katika usingizi mzito. Homoni ile inafika kwenye ini, na ini linatoa ujumbe wa pili ambao waganga wanauita IGF-1. Huo ndio unaoenda mpaka kwenye ncha za mifupa mirefu ya miguu na mikono. Pale kwenye ncha kuna sehemu laini ya gegedu ambayo inaongezeka, kisha inageuka mfupa. Urefu wa mtoto unatoka hapo.

Tezi ya pili iko mbele ya shingo: tiroidi. Homoni yake inaendesha mwili mzima kama moto chini ya sufuria. Moto ukipungua, kila kitu kinapunguza mwendo: mifupa, tumbo, joto la mwili, na zaidi ya vyote ubongo wa mtoto mchanga.

Kuna pia insulini, inayosaidia mwili kutumia chakula, na kotizoli, homoni ya wakati wa taabu, ambayo ikizidi inazuia kukua. Mwisho zinakuja homoni za ubalehe, za kike na za kiume. Hizo zinafanya kazi mbili: kwanza zinamrefusha kijana haraka, halafu zinafunga zile ncha laini za mifupa. Zikishafungwa, hakuna sindano wala dawa itakayoongeza urefu.

Mwendo wa kawaida uko namna gani?

Mtoto anayezaliwa kwa wakati wake ana urefu wa karibu sentimita 50. Katika mwaka wa kwanza anaongeza karibu sentimita 25. Mwaka wa pili anaongeza karibu 12. Baada ya hapo mwendo unapungua polepole, na kuanzia miaka minne mpaka ubalehe mtoto anaongeza sentimita 5 au 6 kila mwaka. Wakati wa ubalehe mwendo unapanda tena. Wasichana wanatangulia wavulana karibu miaka miwili, ndiyo maana darasani mtaona wasichana wa miaka 12 wanawapita wavulana wa umri wao. Hiyo si shida.

Muganga anayempima mtoto haangalii urefu wa siku moja tu. Anaangalia mstari kwenye fishi. Mtoto mfupi ambaye mstari wake unapanda kila mwaka sawasawa na wengine, mara nyingi ni mzima kabisa. Mtoto ambaye mstari wake ulikuwa unapanda, halafu ukalala, huyo ndiye wa kupeleka kwa muganga, hata kama bado anaonekana mrefu kuliko jirani yake.

Mfano wa Efe: wafupi, lakini si wagonjwa

Ituri ina mfano ambao wanasayansi wa dunia nzima wanaujua. Ndani ya msitu, upande wa Mambasa, wanaishi Efe na ndugu zao ambao watu wengi wanawaita Bambuti. Wanaume wengi kati yao hawafiki mita 1,50. Kwa miaka mingi watu walidhani ni kwa sababu ya njaa, au wakawadharau tu.

Watafiti waliofanya kazi katika msitu wa Ituri miaka ya 1980 waliwapima watoto wa Efe kuanzia kuzaliwa, wakawalinganisha na watoto wa wakulima wa vijiji vya karibu. Waliona kwamba watoto wa Efe wanazaliwa wakiwa wadogo zaidi, na wanakua polepole tangu mwanzo. Baka wa Kameruni, ambao nao ni watu wa msitu na ni wafupi, wana njia nyingine. Utafiti uliotangazwa 2015 ulionyesha kwamba watoto wao wanazaliwa na kipimo cha kawaida, kisha wanapunguza mwendo katika miaka miwili ya kwanza. Njia mbili, na mwisho unafanana.

Na homoni zao? Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1980 kwa watu wa msitu wa Afrika ya Kati vilionyesha kwamba homoni ya kukua ilikuwemo ndani ya damu kama kwa watu wengine. Lakini ule ujumbe wa pili, IGF-1, haukupanda sana wakati wa ubalehe. Baadaye, kwa Baka, watafiti waliona kwamba vipokeaji vya homoni ile ni vichache mwilini. Kwa maneno mengine, redio inatangaza vizuri, lakini sauti inasikika chini. Ni urithi wa mababu. Mtoto wa Efe anayekua kwa mwendo wa watu wake hahitaji dawa. Anahitaji kile ambacho kila mtoto anahitaji: chakula, chanjo, na heshima.

Chumvi, muhogo na shingo iliyovimba

Tiroidi inatengeneza homoni yake kwa kutumia madini yanayoitwa iodi. Ikikosa iodi, tezi inajikaza, inavimba, na shingo inatokeza goita. Goita ya mtu mzima inaonekana kwa macho. Shida kubwa zaidi haionekani: mama mwenye mimba akikosa iodi sana, ubongo wa mtoto unaharibika kabla hajazaliwa.

Uele, jirani ya Ituri upande wa kaskazini, ilijulikana kwa shida hiyo. Watafiti waliofika kule miaka ya 1950 na 1960 walikuta vijiji vyenye goita nyingi, na ndani yake watu wazima wenye kimo cha mtoto, uso umevimba, ngozi kavu, akili nzito. Hawakurogwa. Tiroidi zao zilikuwa zimenyamaza tangu utoto.

Miaka ile ile ya 1960, kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu kilileta fumbo. Kaskazini mwa kisiwa, karibu nusu ya watu walikuwa na goita. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana, karibu watu 5 kwa 100. Lakini iodi ilikuwa kidogo pande zote mbili. Utafiti ulifuata chakula, ukafika kwenye muhogo. Muhogo usiotayarishwa vizuri unabaki na sumu ambayo mwilini inageuka kitu kinachozuia tiroidi kushika iodi. Pale ambapo iodi ni kidogo na muhogo mbaya ni mwingi, shida zinajumlishana.

Hii haina maana kwamba watu waache bugali ya muhogo wala sombe. Maana yake ni kufanya kazi ile ambayo mabibi walikuwa wanafanya bila kuruka hatua: muhogo mchungu uloweshwe siku kadhaa mpaka ulainike, ukaushwe kabisa juani, ndipo usagwe. Sombe itwangwe na ichemke vya kutosha. Wakati wa vita na njaa watu wanafupisha hatua hizo, na sumu inabaki.

Dawa ya iodi ni nyepesi: chumvi. Kuanzia miaka ya 1990 Kongo iliagiza chumvi ya kuliwa iwe na iodi, na hali ilibadilika sana. Lakini si kila chumvi inayouzwa sokoni imewekwa iodi. Tazama maandishi kwenye mfuko. Nyumbani, iodi inapotea kwa jua, kwa unyevu na kwa kuchemka muda mrefu. Weka chumvi ndani ya chombo chenye kifuniko, na uitie kwenye mboga mwishoni.

Hata mahali penye iodi ya kutosha, kwa kila watoto elfu chache wanaozaliwa, mmoja anazaliwa na tiroidi isiyofanya kazi. Katika nchi nyingi za Ulaya wanatoboa kisigino cha kila mtoto mchanga na kupima tone la damu, ili dawa ianze katika wiki mbili za kwanza. Pasipo kipimo hicho, macho ya mama ndiyo kipimo cha kwanza: mtoto mchanga analala kupita kiasi, ananyonya kwa shida, ana choo kigumu, sauti ya kilio ni nzito, ulimi ni mkubwa, kitovu kimetokeza, macho yanabaki manjano baada ya wiki mbili. Alama moja peke yake si lazima iwe tiroidi. Zikiwa mbili au tatu pamoja, usingoje. Dawa yake ni kidonge cha kila siku. Ikianza mapema, mtoto anaweza kukua na kusoma kama wenzake. Ikianza baada ya miaka, mwili utakua, lakini ubongo ulioharibika haurudi.

Vita inapoingia kwenye homoni

Sababu kubwa ya watoto kubaki wafupi Kongo si tezi yenye kasoro. Ni sahani tupu na magonjwa yasiyoisha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Huko Ituri, tangu mapigano yalipoanza tena mwisho wa 2017, familia za Djugu zimekimbia mara nyingi, zikaacha mashamba na kuishi ndani ya kambi kama Kigonze, hapa Bunia.

Njaa nayo inapita kwenye homoni. Mtoto akikosa chakula, hasa cha kujenga mwili, hipofizi inaendelea kutoa homoni ya kukua, hata kupita kawaida. Lakini ini linakataa kutoa ule ujumbe wa pili. Mwili umeamua kuishi kwanza, kukua baadaye. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliofuatilia watoto wenye kwashiorkor na marasmus miaka ya 1960 na 1970 waliona pia kotizoli imepanda na insulini imeshuka. Kuhara kwa kila mara, minyoo na malaria vinaleta matokeo ya namna hiyo.

Ndiyo maana sindano ya homoni haitamsaidia mtoto mwenye njaa. Redio yake inatangaza. Kinachokosa ni chakula. Akipata maharagi, karanga, samaki wa Tchomia au Kasenyi, mayai, lenga-lenga, na akitibiwa magonjwa yake, IGF-1 inapanda tena na mara nyingi mtoto anakimbia kufidia aliyopoteza. Anafidia vizuri zaidi akiwa bado mdogo. Kuanzia mimba mpaka miaka miwili ndio wakati ambao hasara ni kubwa na msaada una nguvu.

Watoto wa mtoni

Kuna namna nyingine ambayo inagusa Ituri moja kwa moja. 1950, Uganda, waganga wawili walieleza juu ya watoto wa karibu na msitu wa Mabira. Walizaliwa wazima, wakakua vizuri miaka ya kwanza, kisha wakasimama. Ubalehe haukufika, wengine mgongo ulipinda, wengi walikuwa na kifafa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Nakalanga, jina la pepo waliyedhani anawashika watoto.

Watoto wa namna hiyo wameonekana pia Ituri, katika zoni ya afya ya Logo, teritwari ya Mahagi, kati ya watu wenye kifafa. Sehemu zote hizo zinafanana kwa jambo moja: mito yenye maji ya kasi, ambamo wanazaliana inzi wadogo weusi wanaoleta onkoserkozi, ugonjwa unaoitwa pia upofu wa mtoni. Wanasayansi wanafikiri kwamba maambukizi mazito ya minyoo ile, kwa njia ambayo bado inatafutwa, yanavuruga hipofizi. Kinachojulikana ni kwamba mahali penye minyoo mingi kifafa kinakuwa kingi, na kwamba minyoo midogo inauawa na ivermektini, ile inayogawiwa bure kwa jina la Mectizan. Familia inayokataa vidonge hivyo kwa kuogopa muwasho inaacha watoto wake bila kinga.

Dawa inayonenepesha na kufupisha

Farmasi nyingi zinauza deksametazoni bila karatasi ya muganga. Watu wengine wanaitumia ili wanenepe, na kuna wazazi wanaompa mtoto mwembamba. Dawa hiyo ni ndugu wa kotizoli. Inapotolewa na muganga kwa siku chache kwa ugonjwa mkubwa, inaokoa maisha. Ikitumiwa wiki na miezi, mtoto anakuwa na uso wa mviringo na tumbo kubwa, jirani wanasema «anapendeza», lakini urefu unasimama na mwili unakosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Mtoto anayeongeza kilo bila kuongeza sentimita lazima aonwe. Na kama amekwisha kuitumia muda mrefu, mzazi asiikate ghafla. Muganga ndiye atakayeipunguza polepole, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza kotizoli yake.

Yaliyo adimu

Kuna watoto wachache, pengine mmoja kwa elfu kadhaa, ambao hipofizi yao haitoi homoni ya kukua ya kutosha. Wanabaki wafupi lakini viungo vinalingana, uso unabaki wa kitoto. Hao ndio wanaohitaji sindano ya homoni, kila siku kwa miaka mingi, na bei yake ni kubwa sana.

Ubalehe nao una saa yake. Msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana ambaye mapumbu yanakua kabla ya miaka 9, apelekwe kwa muganga. Mtoto huyo kwanza atawapita wenzake, lakini mifupa yake itafunga mapema na atabaki mfupi. Msichana asiye na alama yoyote akifika miaka 13, au mvulana akifika 14, naye aonwe, ingawa mara nyingi ni kuchelewa tu kwa urithi wa familia.

Mzazi afanye nini?

Si lazima kuanza na mashine kubwa. Msimamishe mtoto bila viatu, kisigino ukutani, macho yatazame mbele. Weka kitabu bapa juu ya kichwa, piga alama ukutani, andika tarehe. Rudia baada ya miezi sita, kisha baada ya mwaka. Kwa mtoto wa miaka minne na zaidi ambaye bado hajabalehe, kama alama haikupanda hata sentimita 4 kwa mwaka mzima, usingoje mwaka mwingine. Suruali na viatu vinavyobaki sawa mwaka baada ya mwaka ni ujumbe ule ule.

Kwenye kituo cha afya, omba muuguzi apime urefu, si kilo peke yake, na aandike kwenye fishi. Beba fishi zote za zamani, hata zilizochanika. Sema mtoto anakula nini, ameugua nini, anameza dawa gani, ana kifafa au hapana, na wazazi wote wawili wana urefu gani. Muganga ataanza na yale ya kawaida: chakula, minyoo, damu, magonjwa ya muda mrefu. Ikibaki fumbo, ndipo atamtuma hospitali kubwa kwa kipimo cha tiroidi na vingine.

Mtoto aliyesimama kukua hakuchagua kusimama, na maombi ya familia hayakatazi kipimo. Alama ya kwanza ukutani haihitaji franka hata moja. Inaweza kupigwa leo jioni.